Maji Ndani ya Punje: Unyevu wa Nafaka na Hatima ya Mbegu za Uyoga



Nimeombwa nizungumzie uzalishaji wa mbegu za uyoga, na somo hilo ni pana. Lina usafi wa chumba cha kupandikizia, lina uchaguzi wa aina, lina soko. Leo nimeshika jambo moja tu: kiasi cha maji kilichomo kwenye nafaka saa ile tunapoijaza kwenye chupa. Naamini hapo ndipo chupa nyingi zinapoharibikia, na kurekebisha hapo ni rahisi kuliko kurekebisha hatua nyingine yoyote.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mnipime nayo. Nafaka ya mbegu za uyoga inahitaji maji ya kiasi maalumu, na maji hayo yote yakae ndani ya punje, nje pawe pakavu. Kiasi tukipime kwa mizani. Mahali maji yalipo tupapime kwa wembe na karatasi. Anayepima vyote viwili atapata mbegu nzuri mwezi hadi mwezi. Anayekisia atapata nzuri wiki hii na mbovu wiki ijayo, na hatajua kilichobadilika.

Kwa nini nafaka

Mbegu ya uyoga ni nafaka iliyochemshwa, ikatakaswa kwa mvuke, kisha ikapandikizwa utando mweupe wa uyoga hadi kila punje ikavikwa. Hapa Tanzania wengi wetu hutumia mtama, na uyoga tunaoulima zaidi ni mamama. Wengine hutumia uwele, ngano au shayiri, kwa kadiri ya kinachopatikana na bei yake.

Njia hii haijafikisha miaka mia. Mwaka 1932 James Sinden, mtafiti wa Pennsylvania nchini Marekani, alipewa hataza ya kutengeneza mbegu za uyoga kwa nafaka. Kabla ya hapo wakulima wa Ulaya na Marekani walipanda kwa vipande vya samadi vilivyokwisha kuingiwa na utando. Kipande cha samadi huanzia ukuaji mahali pamoja. Nafaka huanzia mahali maelfu. Punje 1,000 za mtama huwa na uzito wa gramu 25 hadi 30 hivi, kwa hiyo kilo moja ya mtama mkavu ina punje zipatazo 35,000, na kila punje ni kituo kinachojitegemea chenye chakula chake na maji yake. Ukizitawanya kwenye mabua ya mpunga, utando huanza kusambaa kutoka pande zote kwa wakati mmoja, na vimelea wengine hukosa nafasi.

Faida hiyo ina sharti lake. Punje zikishikamana kuwa bonge, vituo 35,000 hugeuka kuwa mabonge machache, nasi tumerudi kwenye kipande cha samadi. Na kinachozishikamanisha punje ni wanga uliotoka nje kwa sababu ya maji yaliyozidi.

Utando unataka nini

Mtama uliokaushwa vizuri kwa kuhifadhiwa hukaa kwenye unyevu wa asilimia 12 hadi 13. Wakulima wetu wana kipimo cha zamani cha kuhakikisha hilo: weka nafaka na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, kisha subiri. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka imevuka asilimia 15 na haifai kwenda ghalani. Ukavu huo huizuia kuvu kuila nafaka. Sisi kazi yetu ni kinyume chake. Tunataka kuvu mmoja tuliyemchagua aile, kwa hiyo tunaipandisha nafaka hadi asilimia 45 au 50 ya maji.

Kiwango hicho kina sababu. Utando wa uyoga haumezi chakula. Hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vimeng'enya hivyo huyeyusha wanga na protini, kisha utando hufyonza kilichoyeyuka. Hatua zote hizo hufanyika ndani ya maji. Punje ikiwa kavu moyoni, utando huivika ganda lake tu na kusimama hapo. Chupa huchelewa, na utando unaoonekana huwa mwembamba, wa kuparaza. Punje kama hiyo ikifika kwenye mfuko wa mabua haina nguvu ya kuuanzisha, kwa kuwa haina akiba ya maji wala chakula kilichokwisha kulainishwa.

Utando pia unavuta hewa kama sisi. Hewa hiyo hupita kwenye nafasi zilizo kati ya punje na punje. Maji yaliyobaki nje ya punje huziba nafasi hizo, na palipozibwa hapana oksijeni ya kutosha. Bakteria hupafurahia mahali hapo. Wao huogelea, na maji ya juu ya punje huwapa njia ya kutoka punje moja hadi nyingine upesi kuliko utando unavyoweza kutambaa. Matokeo yake mnayajua: mabaka ya rangi ya maziwa au manjano kwenye kioo, utelezi, na harufu chachu inayokupokea mara unapochomoa pamba.

Kwa hiyo ukavu huunyima utando chakula, na maji ya nje huunyima hewa. Tafadhali zingatieni kwamba kasoro hizi mbili zinaweza kukaa kwenye chupa moja. Mtama ulioharakishwa kwenye moto mkali huwa umepasuka na kulowa nje, huku moyo wake ukiwa bado unga mkavu. Anayeutazama husema umezidi maji. Anayeukata huona umepungukiwa. Wote wawili wanasema kweli.

Maji na mvuke

Kuna sababu ya pili ya kutaka maji yafike moyoni mwa punje, nayo haizungumzwi vya kutosha. Kila nafaka ya shambani huja na vumbi, na vumbi huja na bakteria wa jamii ya Bacillus. Hawa hujifungia kwenye spora zenye ganda gumu. Mwaka 1876 Ferdinand Cohn, mwanabotania Mjerumani, alizieleza spora hizo na jinsi zinavyostahimili kuchemshwa. Mwaka uliofuata John Tyndall, mwanafizikia mzaliwa wa Ireland, alionyesha namna ya kuzishinda: chemsha, ziache zilizosalia ziamke, chemsha tena siku ya pili, na tena siku ya tatu. Spora iliyoamka imevua ganda lake, nayo hufa kwa joto la maji yanayochemka.

Spora haiamki pasipo maji. Wenzetu wasio na otoklevu, wanaotumia pipa la mvuke kwa siku tatu mfululizo, wanafuata njia ya Tyndall hata kama hawajawahi kulisikia jina lake. Njia hiyo huwaangusha nafaka inapokuwa kavu moyoni. Spora zilizo kwenye sehemu kavu hulala siku zote tatu, kisha huamka wiki moja baadaye ndani ya chupa iliyokwisha kupandikizwa.

Wenye otoklevu au sufuria la presha nao hawajasalimika. Maabara zinajua tangu zamani kwamba vijidudu vikavu ni vigumu kuua. Chombo kinachotakaswa kwa mvuke wa nyuzi joto 121 kwa dakika 15, kikitakaswa kwa joto kavu huhitaji nyuzi joto 160 kwa saa mbili. Moyo mkavu wa punje, hata ukiwa ndani ya mvuke, huelekea kwenye hali hiyo ya pili. Ndiyo maana chupa za nafaka tunazipa dakika 60 hadi 90 na si 15, na ndiyo maana hata dakika 90 hazitoshi kama nafaka haikulowekwa ipasavyo. Kuloweka usiku kucha kunalainisha punje, na wakati huohuo kunaziamsha spora ili mvuke uzikute zimeamka.

Wale mnaofanya kazi Mbeya, Njombe au Nairobi mna la ziada la kuangalia. Geji ya presha hupima kiasi kilichozidi hewa ya nje, na hewa ya milimani ni nyepesi. Kwenye mwinuko wa mita 1,700, geji ikisoma paundi 15 kwa inchi ya mraba, ndani ya sufuria kuna takriban nyuzi joto 118, si 121. Ongezeni muda. Msiongeze presha kupita kiwango kilichoandikwa kwenye chombo chenu.

Hesabu ya mizani

Sasa tuingie jikoni. Chukua mtama kilo 10 uliokwisha kupepetwa na kuchaguliwa, makapi na punje zilizovunjika zikiwa nje. Hakikisha ni mtama wa chakula. Mbegu za dukani za kupanda shambani, zile zilizotiwa rangi, zimepakwa dawa ya kuua kuvu, na uyoga ni kuvu.

Kama mtama huo una unyevu wa asilimia 12, ndani ya kilo 10 mna kilo 1.2 za maji na kilo 8.8 za nafaka yenyewe. Kilo 8.8 hizo hazibadiliki sana. Kinachobadilika ni maji. Tukitaka unyevu wa asilimia 50, maji yawe sawa na nafaka, yaani kilo 8.8 na kilo 8.8, jumla kilo 17.6. Tukitaka asilimia 45, nafaka iwe asilimia 55 ya uzito wote, gawanya 8.8 kwa 0.55, utapata kilo 16. Basi kilo 10 zilizoingia majini zitoke na uzito wa kati ya kilo 16 na kilo 17.6. Andika namba hizo mbili ukutani mwa chumba chako cha kazi.

Mtu ataniuliza: je, kama sijui unyevu wa mtama wangu ulipoanzia? Tuseme ulikuwa asilimia 14. Hesabu itatoa kilo 15.6 hadi 17.2. Tofauti ni gramu 400 kwa kilo 10, na ukilenga katikati, kwenye kilo 16.7 hivi, uko salama kwa hali zote mbili. Hiyo ndiyo nguvu ya mizani. Hata usipojua kila kitu, inakuweka ndani ya mstari.

Kuloweka peke yake kwa kawaida hakutakufikisha huko. Wanaotengeneza kimea cha mtama hulowesha nafaka siku nzima na hupata punje iliyoamka na kuanza kuota, lakini bado iko chini ya kiwango tunachotaka sisi. Kwa hiyo tunaloweka saa 12 hadi 24, kisha tunachemsha kwa moto mdogo. Katika joto la Dar es Salaam au Tanga maji ya kulowekea yakianza kutoa povu na kunuka, uchachu umeanza; badilisha maji, au punguza saa za kuloweka. Wanga wa mtama huanza kuvimba na kunywa maji kwa kasi joto linapopita nyuzi joto 70 hivi. Kuanzia hapo simama karibu na sufuria. Dakika chache hutenganisha punje iliyoiva na punje iliyopasuka.

Vitabu husema chemsha dakika 15, au 20. Siwalaumu waandishi wake, ila dakika zao ni za sufuria lao. Mtama wa mwaka jana hunywa maji tofauti na wa mwaka huu. Mtama mwekundu mgumu si sawa na mweupe laini. Moto wa kuni si sawa na wa gesi, na maji ya Mbeya huchemka kabla ya kufika nyuzi joto 95. Dakika hazisafiri vizuri kutoka mahali hadi mahali. Uzito unasafiri: kilo 10 kuwa kilo 16.7 ni ileile Singida na Mombasa.

Wembe na karatasi

Mizani imekwambia kiasi. Haijakwambia maji yako wapi. Chota punje kumi kutoka sehemu mbalimbali za sufuria, chache juu, chache katikati, nyingine chini, na uzikate katikati kwa wembe. Tazama uso wa mkato kwenye mwanga wa dirisha. Punje iliyokosa maji ina doa jeupe kavu katikati, lenye vumbi kama la chaki, na kingo zake zimezungukwa na pete iliyolowa yenye kung'aa kidogo. Punje iliyo tayari ina rangi moja kutoka ganda hadi moyo, na ukiibinya kwa ukucha hubonyea bila kurusha unga wala kutoa uji. Punje iliyozidi imefunguka kama ua na wanga wake unanata kidoleni. Ukiona punje mbili au tatu zimepasuka katika kumi, endelea kwa tahadhari. Ukiona nusu zimepasuka, mtama huo upeleke kwa kuku na uanze upya. Chupa na kuni ni ghali kuliko mtama.

Baada ya kuchuja, tandaza nafaka ikiwa bado ya moto juu ya wavu au turubai safi, unene usiozidi vidole viwili, na uigeuze mara kwa mara. Joto lake lenyewe hufukuza maji ya nje. Kinachotafutwa hapa ni kama wali ulioiva ukaachana: kila punje laini ndani, na hakuna punje iliyoishika nyenzake. Kisha twaa karatasi kavu, weka gao la nafaka juu yake, gandamiza kwa kiganja muda wa kuhesabu hadi thelathini, halafu mwaga. Karatasi ikibaki na alama za maji, tandaza tena. Ikibaki kavu, rudisha nafaka kwenye mizani. Uzito ukiwa ndani ya zile namba mbili ukutani, jaza chupa.

Hali ya hewa inaingia hapa. Dodoma wakati wa kiangazi, upepo unaweza kukausha nafaka kupita kiasi wakati wewe unafunga pamba za chupa. Pwani wakati wa masika, nafaka hiyohiyo itakaa saa nyingi na bado inateleza. Anayefuata saa atapotea kotekote. Anayepima uzito ataona siku ya Dodoma kwamba amefika kilo 15.5 na amechelewa, na siku ya Tanga kwamba bado yuko kilo 18.

Wengi wetu huongeza jasi, kiasi cha asilimia 1 au 2 ya uzito, na chokaa kidogo. Ni desturi nzuri. Jasi huzisaidia punje zisishikane, na huupa utando kalsiamu. Lakini nimeona jasi ikitumiwa kuficha nafaka iliyolowa, ikimwagwa hadi punje zionekane kavu kwa macho. Maji hayajaenda popote. Yamefunikwa tu, na yakipata joto la mvuke yatashuka hadi chini ya chupa na kukusanyika hapo kama uji. Chupa usiijaze zaidi ya robo tatu, ili iweze kutikiswa utando utakapofika theluthi. Pamba yake ifunike kwa karatasi ngumu au foili isinywe matone ya mvuke, kwa kuwa pamba iliyolowa ni mlango ulio wazi kwa ukungu wa kijani.

Uzoefu wa mkono

Nimewahi kuambiwa na wazalishaji ninaowaheshimu kwamba mambo haya ya mizani ni ya maabara, na kwamba mkono uliozoea unatosha. Mkono uliozoea ni mali, na sitaki mtu yeyote aondoke hapa akiudharau wake. Lakini mkono hugusa nje. Moyo wa punje hauufikii. Tena mkono haurithishwi kwa urahisi: siku mwenye uzoefu anapougua, au kikundi kinapoajiri kijana mpya mahali pake, ujuzi wote huondoka na yule mzoefu. Namba iliyoandikwa kwenye daftari hubaki. Chupa ya tarehe fulani ikiharibika, daftari litakuonyesha kwamba siku hiyo mlijaza nafaka ya kilo 18.3, na mtajua pa kushika. Pasipo daftari, lawama humwangukia aliyepandikiza, wakati kosa lilifanyika jana yake jikoni.

Anayelipa

Nazungumza kwa msisitizo kwa sababu gharama ya kosa hili haimwangukii mzalishaji wa mbegu peke yake. Kilo moja ya mbegu, ikipandwa kwa kiwango cha asilimia 4, huenda kwenye kilo 25 za mabua yaliyokwisha kukatwa, kuloweshwa, kuchemshwa na kupozwa. Mama aliyenunua kilo hiyo amenunua pia kuni au mkaa, mifuko na maji, na ametoa wiki kadhaa za kungoja. Mbegu iliyooza humpotezea vyote kwa pamoja. Mara nyingi huambiwa banda lake ni chafu, naye hukubali, na wengine huacha kilimo cha uyoga kabisa wakiamini wao ndio walioshindwa.

Kwa hiyo nina maombi kwa pande mbili. Wanunuzi, msipokee chupa bila kuikagua. Itazame chini kama kuna maji yaliyotuama. Angalia kama punje zimegandamana kwenye kioo, au kama kuna baka la manjano lililokosa utando. Itikise. Punje za mbegu njema, hata zikiwa zimeshonwa na utando, huachana ukizigonga kwa kiganja. Chupa ikikataa, ikatae nawe, kwa adabu na kwa uthabiti.

Wazalishaji, wenzangu wa kazi hii, wekeni mizani kando ya sufuria na daftari kando ya mizani. Kwenye kila chupa andikeni aina ya nafaka, tarehe ya kupandikiza, na uzito nafaka ilioufikia kwa kila kilo 10. Hayo hayahitaji mfadhili wala mashine kutoka nje. Tukiyafanya, vyuo na vituo vya utafiti vitapata kumbukumbu za kweli za kufanyia kazi, na sisi wenyewe tutaweza kulinganisha mtama wa Dodoma na uwele wa Singida kwa lugha moja ya namba badala ya kubishana kwa hisia. Mkulima anayenunua chupa ya mbegu ameweka rehani mabua yake, kuni zake na muda wake; ana haki ya kukuta ndani yake nafaka iliyopimwa.